Sura ya 6: Hukumu ya Kiporo

"Nikiteleza mara moja tu, watanifunga?"

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nje ya kanisa baada ya ibada au kwenye simu usiku wa manane, na anayeuliza kwa kawaida ameshateleza. Anaishi Houston, Dallas, Minneapolis au Seattle. Miezi kadhaa nyuma alitoka kwenye sherehe, polisi wakamsimamisha, akapimwa pumzi, akapelekwa mahakamani, akakiri kosa la kuendesha gari akiwa amelewa. Jaji hakumfunga. Alimpa karatasi ya masharti, mkalimani akaisoma mbiombio, yeye akatia sahihi na kurudi nyumbani akimshukuru Mungu. Kwa hesabu zake kesi iliishia pale. Leo kuna jambo. Hajaripoti kwa afisa wake mara 2 mfululizo, au mkojo wake umeonyesha pombe, au amekutwa barabarani bila leseni akiwahi zamu ya usiku. Na barua imefika.

Wengi wa watu hawa hawafungwi. Wengine hufungwa, tena kwa miaka. Ukiwaweka pamoja utashangaa, kwa sababu aliyefungwa si lazima awe ndiye aliyekosea zaidi. Mara nyingi kinachowatenganisha ni yale waliyoyafanya katika siku chache baada ya kuteleza: nani alijitokeza na nani alijificha.

Sheria za Marekani hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo. Mifano mingi ya sura hii nimeitoa Texas na California, majimbo mawili yanayofanya jambo lilelile kwa njia tofauti. Aliyeko kwingine aichukue kama ramani ya jumla, kisha amuulize wakili wa jimbo lake.

Kesi haikuisha

Probesheni ni muda ambao mahakama humwacha mtu aliyetiwa hatiani aendelee kuishi nyumbani kwake, kwa masharti, chini ya macho ya afisa aliyepewa kazi hiyo. Marekani ina takriban watu milioni 3 wanaoishi hivyo. Msomaji wa Kenya anaujua utaratibu wa aina hii kupitia Sura ya 64 ya sheria za nchi, ambako mahakama inaweza kumweka mkosaji chini ya afisa wa probesheni kwa miezi 6 hadi miaka 3. Marekani muda huwa mrefu zaidi na masharti ni mengi zaidi, hasa kwa makosa ya ulevi barabarani. California, kwa mfano, kosa hilo hubeba probesheni ya miaka 3 hadi 5.

Jambo ambalo wengi hawaelezwi vizuri ni kwamba jaji hajasamehe. Hukumu ameipika, ameifunika na kuiweka kando kama kiporo. Ukitimiza masharti, itamwagwa. Ukiyavunja, ataipasha moto na kukuwekea mezani, na hutaulizwa tena kama ulikuwa umelewa usiku ule. Hilo lilishajibiwa siku ulipokiri.

Texas inaonyesha ukali wa jambo hili waziwazi. Kosa la kwanza la kuendesha ukiwa umelewa lina adhabu ya hadi siku 180 katika jela ya kaunti, yaani mahabusu ya wilaya wanakokaa watu wa vifungo vifupi. Kosa la tatu ni jinai kubwa, ya miaka 2 hadi 10 katika gereza la jimbo. Tuseme mtu wa kosa la tatu amehukumiwa miaka 8, jaji akasitisha kifungo na kumpa probesheni. Anatembea salama miaka 4. Mwaka wa 5 anavunja masharti na probesheni inafutwa. Miaka ile 4 aliyoripoti kila mwezi, akalipa ada na kupulizia kipimo, haipunguzwi hata siku moja kwenye kifungo. Jaji anaweza kuona huruma na kupunguza hukumu, lakini hiyo ni hiari yake.

California mara nyingi hufanya kinyume: jaji hataji kifungo chochote mwanzoni. Anaahirisha kutoa hukumu na kukuweka chini ya masharti. Watu hulifurahia jambo hili wakidhani hawana deni. Ukweli ni kwamba deni lipo ila halijaandikwa kiasi, na siku probesheni ikifutwa jaji anaweza kuchagua adhabu yoyote hadi ukomo wa kosa lile: miezi 6 kwa kosa la kwanza la kawaida, mwaka 1 kwa la pili.

Fundi viatu wa Boston

Nitoke nje ya njia kidogo, maana historia hii inafaa kujulikana na kila aliye chini ya probesheni kwa sababu ya pombe.

Mwezi wa Agosti 1841, fundi viatu wa Boston aitwaye John Augustus alikuwa ameketi katika mahakama ya polisi. Akaletwa mtu aliyeshtakiwa kwa ulevi wa kupindukia. Augustus alizungumza naye, akaona bado anaweza kubadilika, akamwekea dhamana na kuahidi kumrudisha baada ya wiki 3. Siku ilipofika mtu yule alirudi akiwa hajalewa, nadhifu, hata waliokuwapo mwanzo hawakumtambua. Jaji alimtoza faini ya senti 1 pamoja na gharama za kesi, akamwacha aende. Augustus aliendelea na kazi hiyo bila mshahara hadi karibu na kifo chake mwaka 1859, akawadhamini watu zaidi ya 1,900. Massachusetts ilitunga sheria ya kwanza ya probesheni mwaka 1878.

Probesheni, basi, ilizaliwa na mlevi mmoja na mtu mmoja aliyemwamini. Zaidi ya karne na nusu baadaye afisa wa kaunti kubwa anaweza kuwa na mafaili zaidi ya 100 mezani. Hana muda wa kukujua. Anachokijua ni kama umekuja au hujaja, umelipa au hujalipa, kipimo ni safi au si safi. Ukiyaelewa mazingira hayo utaelewa kwa nini mengi ya yanayofuata yanahusu vitu vidogo.

Mashimo yanayoangusha wengi

Ukimwuliza mtu mtaani probesheni huvunjwa vipi, atakujibu: kwa kunywa tena. Wapo. Lakini karatasi ya masharti ina mistari mingi zaidi ya pombe, kama vile:

- kuripoti kwa afisa siku na saa uliyopangiwa;
- kutohama nyumba wala kubadili kazi bila kumjulisha;
- kutotoka nje ya kaunti au jimbo bila kibali;
- kuhudhuria darasa la madhara ya pombe na kulimaliza kwa muda uliowekwa;
- kulipa faini na ada za kila mwezi;
- kutimiza saa za kazi za kijamii;
- kutoendesha gari bila leseni, bima na kifaa kilichoamriwa;
- kutovunja sheria nyingine yoyote.

Mengi kati ya haya ni mepesi kuyasema na mepesi kuyasahau. Matatu yanahitaji maneno zaidi.

La kwanza ni gari. Leseni imesimamishwa, na mji hauna mabasi ya maana. Kazi iko maili 25, zamu inaanza saa 11 alfajiri. Mwezi wa kwanza anapewa lifti na jirani. Mwezi wa pili jirani anabadilishiwa zamu. Mke anasema, "Baba Neema, si uende tu polepole, ni njia ya nyuma." Anaenda mara ya kwanza, anafika. Mara ya kumi taa ya nyuma ya gari imeungua na polisi anamsimamisha. Hapo kuna makosa mawili kwa wakati mmoja: kosa jipya la kuendesha leseni ikiwa imesimamishwa, na ukiukaji wa probesheni. Kinachouma ni kwamba majimbo mengi yana leseni ya muda ya kwenda kazini, shuleni au hospitali, inayotolewa kwa masharti. Texas, mtu huomba kwa jaji. Wengi hawaombi kwa sababu hawakuambiwa ipo, na wanaoambiwa huogopa gharama.

La pili ni kipimo. Anayeijua alkoblo ya Kenya, kipima-pumzi cha polisi, ameizoea ikikaa kando ya barabara, na marafiki wakatumiana ujumbe wa kuikwepa. Hapa kipimo kinaingia ndani ya gari lako. Kipima-ulevi hicho huunganishwa na mfumo wa kuwashia injini: unapulizia, kikisoma pombe, gari haliwaki. Ukiwa njiani kinadai upulizie tena, bila kujali umechelewa. Vingi vina kamera, kwa hiyo ujanja wa kumwambia mtoto apulize unaonekana kwenye picha na huwa ni kesi nyingine. Kila usomaji huhifadhiwa na kupelekwa kwa wasimamizi. Wapo wanaofungwa bangili ya kifundo cha mguu, inayopima jasho kila baada ya dakika 30, usiku na mchana. Na kuna kipimo cha mkojo kinachotafuta mabaki ya pombe baada ya mwili kuivunja. Hicho kinaweza kuona kinywaji cha hadi siku 3 zilizopita.

Vipimo hivi vina udhaifu wake. Dawa ya kusukutua mdomo, baadhi ya dawa za maji za kikohozi na hata vitakasa mikono vyenye alkoholi vinaweza kuacha alama. Mwaka 2006 idara ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia matibabu ya ulevi ilitoa onyo kwamba kipimo kile cha mkojo kisitumiwe peke yake kama uthibitisho kuwa mtu amekunywa. Kwa hiyo kipimo kikikukamata na hukunywa, una la kusema. Omba sampuli ipimwe upya kwa kipimo kingine, na weka chupa ya dawa uliyotumia. Ila usitegemee hadithi ya dawa ya kikohozi kama ulikunywa bia 4. Majaji wameisikia mno.

La tatu ni msiba. Simu inalia: mama amefariki Kisii, au Bukavu, au Moshi. Maziko ni baada ya siku 5. Kwetu mtoto hakosi kumzika mama yake, na hakuna jaji wa Texas anayeweza kulielewa hilo kama sisi. Mtu anakata tiketi, anasafiri, analia na ndugu zake, anarudi baada ya wiki 3. Uwanja wa ndege afisa wa mpakani anaipitisha pasipoti kwenye mashine, na hati ya kukamatwa inajitokeza. Maafisa na majaji hutoa vibali vya msiba, wakati mwingine ndani ya siku 2, kama wakili akipeleka ombi lenye tangazo la kifo, tiketi ya kwenda na kurudi na anwani ya unakofikia. Kibali kinaweza kukataliwa pia. Hata hivyo, aliyekataliwa akabaki yuko mahali tofauti kabisa na aliyeondoka bila kuuliza.

Fedha usizokuwa nazo

Probesheni ni ghali. Kuna ada ya uangalizi ya kila mwezi, darasa linalipiwa, kila kipimo kina bei, na kipima-ulevi cha gari mara nyingi hugharimu dola 70 hadi 100 kwa mwezi. Kwa maoni yangu huu ndio upande usio na aibu wa mfumo huu: anayelipwa mshahara mnono hununua utulivu, na anayesafisha ofisi usiku huhesabu senti.

Sheria hapa imesimama upande wa maskini zaidi ya watu wanavyodhani. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Georgia, iliamua kuwa jaji hawezi kumfutia mtu probesheni kwa kutolipa bila kwanza kuuliza kwa nini hakulipa. Aliyejitahidi kwa dhati akashindwa hapaswi kupelekwa jela kabla mahakama haijatazama njia nyingine. Ulinzi huo una faida kwa mwenye karatasi: hati za mshahara, barua ya kuachishwa kazi, bili ya hospitali, risiti za dola ishirini ishirini ulizolipa pale ulipoweza. Anayelipa kidogo kila mwezi anaonekana anajitahidi. Anayekaa miezi 7 bila kulipa wala kusema anaonekana amedharau, hata kama mifuko yao ni sawa.

*Kwa kifupi hadi hapa: hukumu ya kwanza bado ipo, mengi yanayoiamsha hayahusu chupa, na karibu kila moja lina mlango halali wa kupitia, mradi uombwe mapema.*

Wiki ile moja

Tuchukue madereva wawili wa Dallas, wote wakiwa na kosa la kwanza. Wote walikunywa kwenye harusi Jumamosi na Jumatatu wakaitwa kupima mkojo.

Wa kwanza alikwenda. Kabla ya kwenda alimpigia wakili wake. Kipimo kikaonyesha pombe. Wiki hiyohiyo alijiandikisha kwenye ushauri wa kuacha pombe, akaanza kuhudhuria vikao na kukusanya sahihi za mahudhurio. Alipofika mbele ya jaji alikuwa na wiki 5 za vipimo safi.

Wa pili hakwenda. Alishauriwa na binamu: "Kaka, usiende wala usipokee simu, subiri itoke mwilini." Pombe ilitoka mwilini. Afisa aliandika kuwa amekataa kupima, simu 3 hazikupokelewa. Kwa aibu hakuripoti mwezi uliofuata, na mwezi wa tatu akahamia kwa rafiki Fort Worth. Hati ya kukamatwa ikatoka. Miezi 8 baadaye alikamatwa kwa sababu ya taa nyekundu, akakaa ndani akisubiri tarehe, kazi ikapotea, gari likachukuliwa na benki.

Glasi zao zilikuwa sawa. Jaji anayemtazama wa kwanza anaona ugonjwa unaotibika. Anayemtazama wa pili anaona mtu asiyeweza kusimamiwa nje, na probesheni yote imejengwa juu ya uwezekano wa kumsimamia mtu nje. Kutoroka huua hoja nzima. Tena muda haukusaidii: hati ikishatoka kabla ya probesheni kwisha, kujificha hadi tarehe ya mwisho ipite hakufuti chochote.

Kuna tahadhari moja. Kujitokeza hakumaanishi kumwagia afisa kila kitu. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Minnesota, kwamba unayomwambia afisa wa probesheni kwa hiari yako yanaweza kutumika dhidi yako mahakamani. Afisa anaweza kuwa mtu mwema na bado akaandika kila neno. Basi utaratibu ni wakili kwanza, afisa pili, na vyote ndani ya siku hizohizo. Asiye na uwezo wa wakili aombe wa kuteuliwa na mahakama.

Mbele ya jaji

Kikao cha ukiukaji hakifanani na kesi ya kwanza. Hakuna baraza la wazee wa mahakama, yaani wale raia 6 au 12 wanaoamua hatia. Jaji huamua peke yake. Katika kesi ya kawaida mashtaka lazima yathibitishwe pasipo shaka. Hapa, katika majimbo mengi, inatosha jaji aone kwamba yaelekea zaidi ulivunja sharti kuliko kutovunja. Ripoti za afisa zinaweza kupokelewa hata pale ambapo kesi ya kawaida ingezibana. Sharti moja tu likithibitishwa linatosha kufuta probesheni, hata kama uliyatimiza mengine 14.

Haki hazijatoweka zote. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1973, mtu hawezi kufutiwa probesheni bila kuambiwa kwa maandishi anachodaiwa, kupewa kikao na nafasi ya kujieleza na kuleta mashahidi. Majimbo mengi, Texas ikiwemo, humpa pia haki ya wakili.

Texas utaulizwa swali lenye majibu mawili kwa kila dai: kweli, au si kweli. Watu wetu husema "kweli" kwa heshima, wakidhani unyenyekevu utapunguza adhabu, na wakati mwingine hawakuelewa dai lenyewe. Usijibu kabla wakili hajakueleza kila mstari. Omba mkalimani wa mahakama, usikubali shemeji yako atafsiri. Na kama wewe ni wa Uvira na mkalimani ni wa Mombasa, na nusu ya maneno yake yanakupita, sema palepale. Kumvumilia mkalimani ni adabu itakayokugharimu.

Kutoka hapo jaji ana ngazi za kupanda: kukuonya na kukuacha uendelee, kuongeza masharti, kama bangili au matibabu, kurefusha muda, kukulaza jela siku kadhaa kisha urudi kwenye probesheni, na mwisho kabisa kuifuta na kukufunga. Katikati ya ngazi, Texas ina vituo vya matibabu vilivyofungwa kwa wenye makosa makubwa, ambako mtu hukaa miezi 6 hivi. Si gereza, ila hutoki. Mawakili wengi hukipigania kituo hicho kama mteja amekwama kati ya matibabu na miaka 8.

Ukilewa tena na usukani mkononi

Yote niliyosema kuhusu huruma hupungua hapa, na sioni sababu ya kulalamika. Mwaka 2022 watu zaidi ya 13,500 walikufa Marekani katika ajali zenye dereva aliyelewa. Mwaka 2023 zaidi ya 12,400. Chama cha akina mama wanaopinga ulevi barabarani, MADD, kilianzishwa mwaka 1980 na Candy Lightner wa California baada ya binti yake wa miaka 13 kugongwa na dereva aliyekuwa ametoka kwa dhamana siku chache tu kabla, kwa kesi nyingine ya ulevi. Jaji anayekuona umerudi na kosa lilelile ana kumbukumbu ya aina hiyo kichwani.

Kosa jipya huzaa kesi 2. Ile ya zamani inafunguliwa upya, na mpya inaanza ikiwa tayari imepanda daraja kwa sababu si ya kwanza. Adhabu zinaweza kufuatana, moja ikiisha nyingine inaanza. California imeweka mpaka wa chini kabisa kwa aliye chini ya probesheni ya kosa hili. Dereva wa kawaida huvunja sheria akifika 0.08, kiasi ambacho hakifiki gramu 1 ya alkoholi katika lita 1 ya damu. Kwako mpaka ni 0.01, na bia moja inatosha kuuvuka. Zaidi ya hapo, anapotiwa hatiani mara ya kwanza dereva wa California husomewa onyo kwamba akiendesha tena amelewa na kuua mtu, anaweza kushtakiwa kwa mauaji. Onyo hilo huhifadhiwa kwenye faili. Siku ya ajali, mwendesha mashtaka hulitoa kuonyesha kwamba hatari uliijua.

Walichojaribu South Dakota

Kama kinachoangusha watu ni kujificha na kuchelewa, je, vitisho vya miaka 8 vinasaidia? Larry Long, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa South Dakota, alianza mwaka 2005 mpango uliojaribu njia nyingine. Waliokamatwa mara kwa mara kwa ulevi barabarani walitakiwa kufika ofisi ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, asubuhi na jioni kila siku, wapulizie kipimo. Ukiwa safi unaenda kazini. Ukisomeka una pombe unaingia ndani papo hapo, kwa usiku 1 au 2, kisha unaanza upya. Hakuna barua, wala kusubiri tarehe ya miezi 4 ijayo.

Watafiti wa taasisi ya RAND walichapisha matokeo mwaka 2013: katika kaunti zilizotumia mpango huo, kukamatwa tena kwa ulevi barabarani kulipungua kwa asilimia 12, na kukamatwa kwa ugomvi wa nyumbani kwa asilimia 9. Mimi nauona mpango huu kuwa mkali na wa haki kwa pamoja. Usiku mmoja jela leo unaeleweka na mlevi yeyote. Miaka 8 inayoning'inia mahali fulani huko mbele haieleweki na mtu mwenye kiu saa 3 usiku. Majimbo kadhaa yameiga, ila sehemu kubwa ya nchi bado inaendesha probesheni ya ukimya mrefu na pigo moja kubwa.

Ukiwa si raia

Mwenye grini kadi, mkimbizi, mwanafunzi na asiye na karatasi wote wako mbele ya jaji mmoja, lakini kila mmoja ana jaji wa pili asiyemwona.

Kosa la kawaida la kuendesha ukiwa umelewa, peke yake, halimfukuzishi mwenye grini kadi. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba hata kuendesha ukiwa umelewa na kumjeruhi mtu, kwa uzembe, si kosa la nguvu na ukatili kwa maana ya sheria ya uhamiaji. Matatizo huja kwa kujumlisha. Uamuzi wa mwanasheria mkuu wa serikali ya Marekani wa mwaka 2019 unasema aliyetiwa hatiani mara 2 au zaidi katika kipindi kinachochunguzwa anachukuliwa kuwa hana tabia njema, hadi athibitishe vinginevyo. Tabia njema ndiyo inayodaiwa kwa anayeomba uraia na kwa wengi wanaoomba wasifukuzwe nchini. Na ombi la uraia haliwezi kukubaliwa wakati bado uko kwenye probesheni, kwa hiyo muda ukirefushwa kwa ukiukaji, uraia nao unasogea.

Sheria ya uhamiaji pia huhesabu kifungo kilichositishwa kama kifungo kamili. Kiporo, kwao, kimeshaliwa. Kwa hiyo kabla ya kukubali makubaliano yoyote na mwendesha mashtaka, wakili wako ana wajibu, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2010, wa kukueleza madhara ya wazi ya kiuhamiaji. Muulize hivi: "Nikisema kweli leo, grini kadi yangu inakuwaje?" Akibabaika, omba siku nyingine na umtafute wakili wa uhamiaji.

Mwisho wa muda ukifika, usiondoke mikono mitupu. Omba nakala iliyothibitishwa ya hati ya kumaliza probesheni, pamoja na ya hukumu yenyewe, na uziweke na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Fomu ya uraia itauliza kama umewahi kukamatwa, na jibu ni ndiyo hata kama jimbo limeifunga faili. Makarani wa kaunti huharibu au kupoteza mafaili ya zamani, na miaka 6 baadaye atakayetakiwa kuonyesha kesi iliishaje ni wewe.